Mwendo wa Ndege na Mwendo wa Msafiri



Swali huulizwa mara nyingi: kutoka Eldoret mpaka Nairobi kwa ndege ni mbali gani, na safari huchukua muda gani? Swali hilo lina majibu mawili, na mtu ashikaye la kwanza peke yake aweza kuiona ndege ikiruka naye yungali barabarani.

Kwa mstari ulionyoka angani ni kama kilomita 270. Barabara ya kupitia Nakuru huzidi kilomita 300. Ndege za abiria zaweza kwenda kilomita 500 kwa saa, hata zaidi, na kwa hesabu ya darasani safari ingekwisha kwa dakika 32. Haiwi hivyo. Ndege hutembea kwanza mpaka mwanzo wa njia yake ya kurukia, hupanda kidogo kidogo, na ikaribiapo Nairobi hupunguza mwendo, pengine ikangoja zamu ya kutua. Ndiyo sababu tikiti huonyesha dakika 45 mpaka saa nzima.

Hilo ndilo jibu la ndege. La msafiri huanzia mlangoni pake. Kiwanja cha ndege cha Eldoret, kilichofunguliwa mwaka 1997, kiko kilomita 16 hivi kusini ya mji. Mtu wa Chekalini hupita Turbo, akaingia Eldoret penye msongamano wa magari, ndipo ashike njia ya kiwanjani. Jumla ni zaidi ya kilomita 50. Tena yampasa afike saa nzima au zaidi kabla ya ndege kuondoka, mizigo ipimwe na kukaguliwa. Na Nairobi nako, kutoka Embakasi mpaka mjini wakati wa asubuhi kwaweza kula saa nyingine. Basi mgonjwa aliyeagizwa kumwona daktari Nairobi saa nne asubuhi asihesabu dakika 45. Ahesabu saa tano, au aende siku iliyotangulia akalale kwa jamaa.

Jambo jingine ni kusoma saa. Tikiti huhesabu tangu usiku wa manane, wala si tangu macheo. Iliyoandikwa 07:00 ni saa moja asubuhi. Atakayefika saa saba mchana huenda akaikuta ndege imekwisha kwenda Nairobi, na kurudi pia!

Kwa walio na watoto ng'ambo, Nairobi mpaka London ni kama kilomita 6,800, na ndege huchukua saa tisa hivi. Katika miaka ya 1930, ndege za kampuni ya Imperial Airways zilipokuwa zikitua majini Kisumu, safari hiyo ilikuwa ya siku kadhaa, na abiria walilala njiani. Lakini saa ya London iko nyuma ya yetu kwa saa tatu wakati wa baridi, na saa mbili wakati wa joto. Kijana akiondoka Nairobi saa sita usiku mwezi wa Desemba, saa ya London itasoma saa kumi na mbili asubuhi atuapo. Huku Chekalini itakuwa saa tatu, na mzazi asianze kuingoja simu yake kabla ya hapo.