PANYA WA DARINI
(Maneno ya ndugu fundi wetu wa paa kwenye mkutano wa wanachama)

Nimeambiwa niseme kidogo, basi nitasema kidogo.

Wengi wetu hapa Lushoto tunaweka mahindi darini juu ya jiko, moshi uyakaushe. Wazee walifanya hivyo, sina ugomvi nao. Lakini usiku ukisikia ngoma kule juu, ujue ni jasho lako linaliwa.

Nakiri kosa langu. Mwaka juzi nilikuta gunia limebaki pumba, nikakimbilia dukani kununua sumu. Panya wakafa kweli, ila walifia pembeni mwa paa nisikofika. Nyumba ikanuka siku nyingi. Baya zaidi, viroboto walipokosa damu ya panya walishuka kwenye mikeka ya watoto. Jamani, tauni iliyoanza wilaya hii mwaka 1980 si hadithi, ilizika watu. Huletwa na kiroboto aliyemwacha panya mfu! Kwa hiyo sumu isitangulie. Bwana afya kwanza apulize dawa ya viroboto. Na mkiona panya wanakufa ovyo bila sumu, msiwashike, kamwambieni siku ile ile.

Kazi ya kwanza ni kuziba njia. Mchana ingia darini, mwenzio afunge milango. Unapoona mwanga, hapo ndipo. Tundu linalopitisha kidole gumba linapitisha panya. Pabaya hasa ni pale bati linapokalia ukuta: migongo ya bati inaacha vitundu mstari mzima. Ziba kwa simiti na vipande vya bati. Matambara usiweke, atayafanya kitanda. Wavu wa kuku nao matundu yake ni makubwa, utapoteza fedha. Tawi la mparachichi linalogusa paa ni daraja lake, likate lirudi nyuma hatua mbili tatu. Waliobaki ndani watege kwa mtego.

Kama ni popo, ngoja magharibi watoke wote ndipo uzibe. Wakiwa na watoto wachanga waache kwanza wakue, ukiwafungia wataozea humo. Na yule bundi mnayemtupia mawe mkisema ni mchawi, anakula panya usiku kucha. Mimi wangu nimemwacha.

Mwenye mabaki ya bati alete ghalani Jumamosi asubuhi. Tutaanza kwa yule bibi mjane wa kule bondeni, hana wa kumpandia ngazi.