Sauti Iliyokuwa Ikizama



Nimeombwa niseme juu ya mwingiliano wa mawimbi, somo ambalo vijana hulikariri kwa mtihani na kulisahau likizoni. Nitalieleza kwa redio.

Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo hapa Tabora, Novemba. Wimbi la redio kutoka Dar es Salaam hulikata pori hilo, kilomita mia saba na zaidi, kwa sehemu moja ya 400 ya sekunde.

Mwishoni mwa 1978, vita vya Kagera vilipoanza, bweni zima tulizunguka redio moja kungoja taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Wengine walikuwa na kaka zao mpakani. Sauti ilikuja, ikazama, ikarudi, na mara nyingi ilizama pale pale tulipotega sikio. Zikalaumiwa betri, tukachanga fedha kununua nyingine (mwenye duka hakulalamika). Betri hazikuwa na kosa.

Usiku wimbi hupanda hadi kwenye hewa ya juu ambayo jua limeitia umeme, kilomita 100 hadi 300 na zaidi kutoka ardhini, likarudishwa chini. Sehemu yake hufika Tabora kwa mruko mmoja. Sehemu nyingine hugonga ardhi karibu na Dodoma, ikapanda tena ndipo ifike. Sauti ni ile ile, ila njia hazilingani urefu. Wimbi la mita 60 likikutana na mwenzake mgongo kwa mgongo, nguvu huongezeka. Tofauti ya njia ikibadilika kwa mita 30 tu, mgongo wa moja huangukia bonde la jingine, nayo sauti hufifia. Na tabaka lile la juu halitulii. Hupanda na kushuka usiku kucha.

Vituo vikubwa vya kupokea vilisimamisha antena mbili au tatu mbali mbali, kwani sauti ikizama hapa, pale huenda ingali hai.

Vijana, kesho asubuhi twendeni bwawa la Igombe. Tutafunga fimbo mbili pamoja, tupige maji kwa mdundo mmoja. Mtaona mistari iliyotulia katikati ya vurugu. Kisha tutaondoa fimbo moja, na pale palipotulia patachafuka.