Nyumba ya Vyumba 14

 Wasikilizaji, nilikuwa nimepanga kipindi chetu cha historia kiendelee na habari za reli, lakini wiki nzima ujumbe mnaotuma ni wa minada ya nyumba. Kurasa za madalali magazetini zimewakosesha watu usingizi. Msikilizaji wa Kitengela ameuliza: je, kumewahi kutokea mahali popote serikali ikawaambia wakopeshaji, ngojeni kwanza, msiwatoe watu majumbani mwao? Imewahi! Na kisa chenyewe nakipenda kuliko visa vyote vya madeni ninavyovijua. Reli itangoja.

Twende Marekani, mwaka 1933. Habari za mdororo mkuu wa uchumi mnazijua, sitazirudia. Katika majimbo ya kilimo kama Iowa, wakulima wamebuni kitu kinachoitwa mnada wa senti. Dalali anafika shambani, anamnadi ng'ombe. Majirani wamejaa uani, bega kwa bega. Mmoja anasema, senti tano. Dalali anangoja. Hakuna anayepandisha. Mgeni akifungua kinywa ataje bei ya maana, anaguswa bega na kuombwa anyamaze, na kama haelewi, anaonyeshwa kitanzi kilichoning'inizwa kwenye ghala. Basi ng'ombe anakwenda kwa senti tano, plau kwa senti kadhaa, na mnada ukiisha majirani wanamrudishia mwenyewe mali yake yote. Ng'ombe mzima, wasikilizaji, kwa senti tano!

Hapo ndipo watu hupenda kuishia. Lakini tarehe 27 Aprili mwaka huo, mjini Le Mars, Iowa, wakulima waliingia mahakamani kwa Jaji Charles Bradley, wakamtaka aape kwamba hatatia tena saini amri ya kuuza shamba la mtu. Akakataa. Wakamburuta kutoka kitini, wakampeleka nje ya mji, wakamtia kamba shingoni. Aape. Hakuapa! Wakampaka grisi kichwani, wakamwacha barabarani akiwa hai. Gavana akaleta wanajeshi. Mimi nawaelewa wale wakulima kwa uchungu wao, lakini kumtia jaji kitanzi ni kosa, na jaji yule mkaidi namheshimu mpaka leo.

Sasa turudi nyuma siku tisa tu, jimbo jirani la Minnesota, maana huko ndiko jibu la ndugu yetu wa Kitengela liliko. Tarehe 18 Aprili 1933 jimbo lile lilipitisha sheria ya kuwaruhusu majaji kuahirisha minada na kuwaongezea wadaiwa muda. Na mjini Minneapolis palikuwa na mume na mke, John na Rosella Blaisdell, wenye nyumba ya vyumba 14. Wao wanakaa sehemu moja, sehemu nyingine wanapangisha. Mwaka 1928 walikuwa wameiweka rehani kwa chama cha mikopo ya nyumba. Mdororo ulipowabana, wakakosa hela za marejesho. Tarehe 2 Mei 1932 nyumba ikapigwa mnada, na chama chenyewe kikainunua kwa dola 3,700 na ushei.

Minnesota ilikuwa na desturi moja nzuri: nyumba yako ikishauzwa mnadani, unapewa mwaka mmoja wa kuikomboa. Mwaka wa akina Blaisdell ulikuwa unaisha tarehe 2 Mei 1933. Sheria mpya iliwakuta wamebakiwa na wiki mbili! Wakaenda mahakamani. Mahakama ikawaongezea muda hadi tarehe 1 Mei 1935, ila kwa sharti, na sharti hili nitalirudia hata mkichoka: kila mwezi walipe dola 40, kiasi ambacho mahakama iliona ndicho kodi halali ya nyumba ile. Deni halikufutwa. Dola 40 kila mwezi, za kulipia ushuru, bima, riba na deni lenyewe. Walichopewa ni muda.

Nilitaka kuwapeleka Washington sasa hivi, lakini kuna mama amepiga simu kutoka Kitale, naye ana hoja. Anasema: mimi ni mwanachama wa sacco, na hela mnazozizungumzia ni zetu sisi wenye akiba, mkopaji akipewa miaka miwili, mimi nile nini? Mama, umegusa penyewe. Vyama vya mikopo ya nyumba kama kile cha Minneapolis vilikuwa vya watu wa kawaida waliochanga akiba. Ndiyo maana nasisitiza zile dola 40. Aliyeongezewa muda hakukaa bure, na mwenye akiba hakuachwa mikono mitupu.

Chama cha Minneapolis kilikata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, kule Washington. Katiba ya Marekani inayakataza majimbo kuvunja mikataba ya watu, na mkataba wa rehani ni mkataba. Tarehe 8 Januari 1934 majaji watano walikubaliana na sheria, wanne wakapinga. Jaji Mkuu Hughes alisema dharura haizai mamlaka mapya, ila inaweza kuwa sababu ya kutumia mamlaka yaliyopo. Jaji Sutherland akajibu kwamba katazo lile liliandikwa kwa ajili ya nyakati ngumu hasa, maana nyakati za neema nani huhitaji kuvunja mkataba? Hoja yake ni nzito, siifichi. Na kati ya wale wanne alikuwamo Pierce Butler, mtu wa Minnesota mwenyewe! Kura moja tu, wasikilizaji. Ingehama kura moja, sheria ingekufa.

Wakati huohuo serikali kuu iliunda shirika la kununua mikopo iliyokwama. Mikopo mingi ya zamani ilikuwa ya miaka mitatu au mitano. Shirika likawapa watu miaka 15 kwa riba ya asilimia tano. Lilitoa mikopo takriban milioni moja. Hata hivyo, karibu mkopaji mmoja kati ya watano alipoteza nyumba, safari hii kwa shirika hilohilo.

Na hapa kwetu Kenya? Tusidanganyane: ule mwaka wa kukomboa baada ya mnada sisi hatuna. Nyundo ikigonga, haki yako ya kukomboa imekwisha. Muda wetu wote uko kabla ya nyundo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakupa miezi mitatu isiyopungua ya kulipa malimbikizo baada ya notisi ya kwanza, kisha notisi ya siku 40 kabla ya kuuzwa, na dalali naye lazima atoe yake ya siku 45. Kabla ya kuuza, benki lazima ifanye tathmini. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba mkopeshaji hakutimiza wajibu wake, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo. Na kama ni nyumba ya ndoa, rehani iliyowekwa bila ridhaa ya mwenzi wako haina nguvu.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Kitengela, na wengine mlioandika: usiifiche barua ya benki kabatini. Nenda na hesabu yako, useme unaweza kulipa kiasi gani kila mwezi, uombe mkopo upangwe upya au uruhusiwe kutafuta mnunuzi mwenyewe. Ukikubaliwa, dai maandishi. Na uende katika ile miezi mitatu ya kwanza.