Kihisi Chini ya Godoro

Msikilizaji, leo tunazungumzia pumzi ya mtu aliyelala.

Kuna maradhi ambayo mgonjwa mwenyewe hayajui, kwa kuwa humjia akiwa usingizini. Misuli ya koo hulegea, njia ya hewa ikaziba, pumzi ikakatika. Ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, madaktari huihesabu. Kwa mtu mzima, kukatika au kupungua sana mara 5 kwa saa ni dalili ya tatizo. Zikifika 30, hali ni mbaya. Kila mara ubongo humzindua kidogo ili avute hewa, na asubuhi hakumbuki lolote. Anachojua ni kwamba ameamka amechoka, anasinzia akiendesha gari, na presha yake haitulii hata kwa dawa.

Kipimo kamili cha hospitali humtaka alale na nyaya kichwani, kifuani na puani. Nani atalala vizuri hivyo? Ndipo vikabuniwa vihisi visivyomsumbua. Kimoja ni utepe mwembamba unaolazwa chini ya godoro. Kifua kikipanda na kushuka, mgandamizo juu ya utepe hubadilika, nao utepe huusoma. Hata pigo la moyo hulihisi. Mwaka 2015, kundi la Profesa Dina Katabi wa chuo cha MIT, Marekani, lilionyesha kuwa mawimbi ya redio, ndugu wa haya yanayokuletea sauti yangu, yakirudi kutoka mwilini hueleza mtu anavyopumua, bila kumfunga chochote.

Lakini tuwe makini hapa. Vihisi hivi huona mwendo, hewa haviioni. Koo likiziba, kifua na tumbo bado huhangaika kuvuta. Kifaa kinachohesabu mwendo tu kitaandika kwamba mtu anapumua, ilhali mapafuni hakuna kinachoingia. Kwa hiyo vilivyo bora husikiliza pia mkoromo, au huambatana na kipimo cha oksijeni kidoleni. Faida kubwa ya vihisi hivi ni kufuatilia usiku mwingi, nyumbani, kitandani pako. Kutoa hukumu ya ugonjwa kunabaki kwa daktari.

Wazazi nao wasitegemee vifaa hivi kumkinga mtoto mchanga na kifo cha ghafla. Mlazeni chali, kwenye godoro gumu lisilo na mito.

Nawe unayelala karibu na mkoromaji, ukisikia mkoromo unakatika, kimya, kisha anashtuka akitweta, mweleze asubuhi na umsindikize hospitali. Daktari atauliza hasa kile ulichokisikia wewe.