Mchoraji Naye ni Mfanyakazi
(Hotuba kwa vijana wachoraji wa Bagamoyo)

Wapo wasemao kuwa kuchora ni mchezo wa mtu asiye na kazi. Tuwajibu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakungoja jumba wala rangi za gharama. Alitwaa mbao za dari na rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini jamaa aliowafundisha waliendelea, na leo mtindo wao waitwa kwa jina lake.

Sisi tunaotumia rangi hiyo twaijua taabu yake. Ukipaka ya pili kabla ya kwanza kukauka, umeharibu zote. Kazi hii yataka subira kama ya mvuvi.

Lakini hatari ipo. Mgeni akipenda tembo, sote twachora tembo yule yule, hata mkono ukafanya kazi na akili ikalala. Wavuvi wetu, wavuna chumvi na mafundi wa majahazi, nani atawachora tusipowachora sisi? Tuuze, tule, ila katika kila picha kumi, moja iseme tuliyoyaona wenyewe.