Cherehani iliyolala hailipi mkopo

Leo tuache siasa, tuache na bei ya mbolea, tuingie ndani ya nyumba. Humo ndani kuna chombo ambacho familia nyingi za mjini zimekinunua kwa jasho, na sasa kimepandishwa juu ya kabati, kimefunikwa kitenge kuukuu, kikisubiri siku mwenyewe atakapopata fedha za kumlipa fundi. Ninasema juu ya cherehani ndogo ya umeme, ile inayopiga zigizaga.

Ukipita mtaa wa Soweto hapa jijini Mbeya, au ukielekea Mwanjelwa, utaziona cherehani nyeusi za kukanyaga kwa mguu, Singer na Butterfly, zimepangwa vibarazani. Hizo kila mtu anazijua. Zina nguvu, hazidai umeme, na mafundi wanaziheshimu. Lakini kazi yake kubwa ni moja: kushona mstari ulionyooka. Sare ya mwanafunzi ikishonwa kwa mstari ulionyooka peke yake, kingo za ndani zikaachwa wazi, baada ya kufuliwa mara kadhaa nyuzi huanza kuchomoka moja moja. Mshono unaliwa taratibu, na kabla muhula haujaisha sketi imeachia.

Hapo ndipo zigizaga inapofanya kazi. Sindano yake haishuki mahali pamoja tu. Inacheza kulia na kushoto, na uzi unafunga ukingo wa kitambaa kama uzio unavyofunga shamba. Kwa mashine hiyo hiyo mama anatoboa na kuzungushia tundu la kifungo, anatia kiraka, anadarizi foronya, anapunguza gauni la mtumba likamkaa mwenyewe. Na kwetu huku Nyanda za Juu Kusini kuna jambo jingine. Mwezi Juni na Julai baridi haina mchezo, na mtoto haendi shule bila sweta. Sweta ni kitambaa kinachovutika. Ukikishona kwa mstari ulionyooka, siku mtoto anapolivuta kichwani uzi unakatika. Zigizaga hunyumbuka pamoja na kitambaa.

Ufundi huu si wa jana. Isaac Singer alipata hati ya uvumbuzi wa cherehani yake huko Marekani mwaka 1851, na mwaka 1873 mwanamke wa huko huko, Helen Blanchard, akapata hati ya mashine ya kushona zigizaga. Lakini ninataka ukumbuke mwaka mmoja uliopo katikati ya hiyo miwili. Mwaka 1856 kampuni ya Singer ilianza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, kwa sababu familia ya kawaida haikuwa na uwezo wa kulipa kwa mkupuo. Kwa maneno mengine, cherehani ya nyumbani na mkopo ni ndugu wa siku nyingi.

Udugu huo upo hadi leo. Wako akina mama walionunua cherehani kwa fedha za VICOBA, wako waliokopa katika vikundi, na wapo waliofaidika na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutakiwa kuitenga: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mashine inaletwa nyumbani, watu wanapiga vigelegele, na wiki chache baadaye siku ya rejesho inafika. Mwezi wa pili inafika tena. Rejesho halijui kwamba mashine imegoma. Cherehani ikilala, mkopo uko macho.

Sasa je, mashine hizi zinakufa kweli? Hivi karibuni nilikaa nusu siku na fundi mmoja wa kutengeneza cherehani, si mbali na soko la Mwanjelwa. Nilitaka kujua zinaletwa na ugonjwa gani. Katika muda ule waliletwa wagonjwa watatu.

Mgonjwa wa kwanza aliletwa na dada mmoja kutoka Soweto. Malalamiko yake: mashine inatengeneza mafundo ya uzi chini ya kitambaa, kisha inakwama. Alikuwa ameshafungua kikopo cha bobini, amekaza skrubu yake, ameilegeza, ameikaza tena. Fundi hakugusa bisibisi. Aliinua kile kikandamizo kinachoshikilia kitambaa karibu na sindano, akautoa uzi wa juu wote, akaupitisha upya tangu mwanzo. Mashine ikashona vizuri kabisa. 

Sababu yake ni hii. Uzi wa juu hupita katikati ya visahani viwili vidogo vinavyoubana. Kikandamizo kikiwa chini, visahani hivyo vimefumba, na uzi unakaa nje yake. Ukishona, uzi haubanwi na chochote, unamwagika chini na kufanya mafundo. Basi shika kanuni hii, msikilizaji: ukiona fundo chini, mara nyingi kosa liko juu. Inua kikandamizo kwanza, ndipo upitishe uzi. Skrubu ya bobini iache ilivyo.

Mgonjwa wa pili alikuwa mzito. Gurudumu la mkono lilizunguka kwa shida, kana kwamba ndani kuna ulimbo. Na kweli ulikuwemo. Mwenye mashine alikuwa akiipaka mafuta ya nazi. Ndugu zangu, mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Asubuhi ya Mbeya au ya Mafinga unayakuta yamekuwa meupe ndani ya chupa, na ndani ya cherehani yanakuwa vivyo hivyo. Mafuta ya kupikia nayo hukauka yakawa gundi. Mafuta ya injini ni mazito, na yakirukia nguo ya mteja doa lake halitoki upesi. Cherehani ina mafuta yake, meupe na mepesi kama maji, yanauzwa madukani kwenye vichupa vidogo. Fundi alitumia saa nzima kusugua na kufuta, akaweka matone machache ya mafuta yanayostahili, na mashine ikafufuka.

Mgonjwa wa tatu ndiye aliyekuwa amekufa kweli. Ilikuwa mashine nzuri iliyotumika, kutoka Japani. Mwenyewe aliinunua, akaifikisha nyumbani, akaichomeka ukutani. Ikazunguka kwa kasi ya ajabu, ikatoa moshi, basi. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Marekani ni volti 120. Wa kwetu ni volti 230. Motokaa ya tani moja huwezi kuipakia zaidi ya tani mbili ukategemea ifike. Kila mashine ya umeme ina kibandiko au kibati kidogo, nyuma au karibu na pale waya unapoingia, kimeandikwa volti zake. Kisome kabla hujatoa fedha. Kikisema 100 au 120, mashine hiyo inahitaji kifaa cha kupunguza umeme, na bei ya kifaa hicho uiweke kwenye hesabu siku ile ile unayopatana.

Wagonjwa watatu, na wawili kati yao walihitaji uangalizi tu. Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya wiki hii. Cherehani nyingi zilizo juu ya makabati hazijafa. Zimekosa dakika 10 za matunzo, na mwenye nazo hakupata mtu wa kumfundisha dakika hizo 10 zinatumikaje.

Nikueleze kwa ufupi.

Anza na sindano. Sindano ndiyo sehemu ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayosababisha mashine nzima kulaumiwa. Wanaojua wanashauri ibadilishwe baada ya saa 8 hivi za kushona. Sisi tunaitumia mpaka ivunjike. Sindano butu au iliyopinda huruka mishono, hukata uzi na kutoboa kitambaa. Unapoweka mpya, angalia kichwa chake: kina upande wa mviringo na upande bapa. Katika mashine nyingi za zigizaga za nyumbani, upande bapa hutazama nyuma. Isukume hadi juu mwisho kabisa, ndipo ukaze. Na sindano ziko kwa namba. Kwa khanga na pamba nyepesi tumia 80/12. Kwa kitenge na sare za kawaida 90/14. Kwa jinzi na kaki nzito 100/16. Kwa sweta na fulana, uliza sindano yenye ncha ya duara, ambayo husukuma nyuzi kando badala ya kuzikata.

Pili, kabla ya kupiga zigizaga hakikisha kikandamizo kilichofungwa kina uwazi mpana, na bati lililo chini yake vivyo hivyo. Kuna kingine chenye tundu moja dogo, ambacho ni cha mstari ulionyooka. Ukikisahau hicho ukaweka zigizaga, sindano itagonga chuma na kuvunjika, na kipande kinaweza kuruka machoni. Kwa hiyo zungusha kwanza gurudumu kwa mkono, likija upande wako, mizunguko miwili mitatu. Ukiona sindano inapita bila kugusa, ndipo ukanyage pedali. Kisha jaribu kwenye kitambaa chakavu. Kwa kufunga kingo, anza na upana wa 4 na urefu wa 2, halafu ongeza au punguza. Kwa tundu la kifungo, urefu uushushe karibu na sifuri ili nyuzi zilale zimebanana.

Tatu, usafi. Kila kitambaa hutoa vumbi lake, na sweta hutoa zaidi. Vumbi hilo hujikusanya chini ya bati, kati ya meno yanayovuta kitambaa na pale bobini inapokaa. Chomoa waya ukutani kwanza. Fungua bati, toa bobini, safisha kwa brashi ndogo. Usipulize kwa mdomo, kwani pumzi ina unyevu na unyevu huleta kutu. Halafu tone moja la mafuta pale bobini inapozunguka. Tone moja, siyo kikombe. Mkanda, mota na vile visahani vya uzi usivipake mafuta kabisa. Ukimaliza shona kitambaa chakavu ili mafuta ya ziada yaishie humo. Baadhi ya mashine mpya hazitakiwi kutiwa mafuta na mwenyewe, kwa hiyo kitabu chake kikiwepo, kisome. Usiku ifunike kwa kitambaa, maana vumbi la kiangazi cha Soweto unalijua mwenyewe.

Nne, umeme. Ukiondoka, ukipokea wageni, au umeme ukikatika, chomoa. Umeme unaporudi wakati mwingine hurudi kwa kishindo, na mashine zenye vioo vya namba na vitufe vya kubonyeza ndizo huumia kwanza. Ama gharama yake, wala isikutishe. Mota ya mashine kama hii kwa kawaida haizidi wati 100 au hapo karibu. Maana yake, saa 10 za kushona hutumia uniti 1 tu. Lakini kumbuka kuwa hii ni mashine ya nyumbani. Haikuundwa kushona turubai, wala kukimbia kutwa bila kupumzika. Mota ikipata joto, nawe pumzika, unywe chai.

Wapo watakaosema, huyu mtangazaji anatuletea mambo madogo. La hasha! Ada katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa, lakini sare bado ni mzigo wa mzazi. Kila Januari sketi, kaptula na sweta zinatafutwa mji mzima kwa siku chache. Mama ambaye mashine yake ni nzima wiki ile anakusanya marejesho ya miezi kadhaa. Ambaye mashine yake imelala anawatazama wateja wakipita kwenda kwa jirani, na baadaye anaitwa kwenye kikundi kujieleza mbele ya wenzake. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa ajili ya rejesho moja, na chanzo chake ni bobini iliyojaa vumbi.

Kwa hiyo ninawaomba wale wanaotoa mikopo ya vyombo vya kazi, iwe halmashauri, vikundi au mashirika, waongeze somo la nusu siku. Walimu wapo. SIDO ipo kisheria tangu mwaka 1973, VETA tangu 1994, na mafundi wa mtaani wapo kila soko. Mpeni mkopaji cherehani, mpeni na pakiti ya sindano, kichupa cha mafuta na brashi, na mkalishe mbele ya fundi mpaka aweze kufungua bati na kulirudisha mwenyewe. Mkopo wenu utarudi kwa wepesi zaidi.

Nawe msikilizaji ambaye cherehani yako iko juu ya kabati, wazee walisema kitunze kikutunze. Jumamosi hii iteremshe. Usianze kwa kumwita fundi. Soma volti zake, badilisha sindano, inua kikandamizo na upitishe uzi upya, ondoa vumbi, tia tone moja la mafuta, kisha zungusha gurudumu kwa mkono taratibu. Ikigoma baada ya hayo yote, hapo mpelekee fundi, na umlipe haki yake bila kinyongo.