Foleni ya Madebe na Foleni ya Kompyuta



Katibu aliponiandikia kuniomba niseme machache juu ya kazi ninayoifanya, alinipa dakika ishirini na onyo moja, kwamba nisiseme mambo yasiyoeleweka. Nitajitahidi. Kazi yangu ni kutumia kompyuta nyingi zilizounganishwa zikawa kama mashine moja kubwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, msishangae, ni kupanga foleni.

Foleni mnaijua. Wa zamani wenzangu wanaikumbuka ile ya bwalo, na jinsi viranja walivyokuwa wakiifupisha kwa faida yao wenyewe. Lakini mimi napenda kuanzia kwenye mashine ya kusaga. Nilipokuwa mtoto hapa Karatu, kila Jumamosi mama alinituma kupeleka debe la mahindi mashineni. Hakuna mtu aliyesimama foleni pale. Yaliyosimama ni madebe. Ulitua debe lako nyuma ya la mwisho, ukaenda kucheza mpira, na msagaji akachukua lililo mbele, akasaga, akaita jina. Aliyebaki kusimama karibu na debe lake alikuwa mgeni, au hakuwa na marafiki.

Kompyuta kubwa hufanya vivyo hivyo. Hukai mbele yake ukiitazama. Unaiandikia karatasi, yaani faili fupi lenye kueleza unataka nini, unaliweka kwenye foleni, unakwenda zako. Usiku wa manane zamu yako ikifika, kazi inafanyika, na asubuhi unakuta unga.

Jambo hili si geni hata katika nchi yetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha katika miaka ya 1960. Zama hizo, mahali pengi duniani, kazi ilipelekwa kwa kadi zenye matundu, mafungu ya kadi yakapangwa moja nyuma ya jingine kama madebe yale. Wazee waliomo humu watakumbuka pia kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kadi zimekwisha na marufuku imekwisha, ila foleni ipo mpaka leo, kwa sababu ile ile: mashine ni ghali na wenye haja nayo ni wengi.

Mashine zenyewe zikoje? Ni makabati marefu ya chuma, ndani yake kompyuta zisizo na kioo wala kibao cha herufi, zimepangwa juu kwa juu kama trei za mayai. Kila moja twaiita nodi. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Texas, kule Austin, kilianza kutumia mashine iitwayo Ranger, yenye nodi 3,936 na viini vya prosesa 62,976. Ilipozimwa mwaka 2013 haikutupwa. Sehemu ya makabati yake ilisafirishwa hadi Cape Town ili igawiwe vituo vya Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopangiwa fungu. Hapo hapo Cape Town, mwaka 2016, ilizinduliwa mashine nyingine iitwayo Lengau, yenye nodi 1,368. Lengau maana yake ni duma kwa Kisetswana. Ninyi mnaowaona duma wa Ndutu mtajua kama jina linafaa.

Mtaniuliza, mtu aliyeko Karatu anaifikiaje mashine iliyoko Cape Town? Kwa maandishi matupu. Kabla ya mkonga wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano yetu ya nje yalitegemea zaidi setilaiti, nayo yalikuwa ghali na ya kusuasua. Hata leo mnajua mtandao wa huku unavyokuwa mvua ikinyesha. Ukitaka kutumia programu yenye picha na vitufe, utasinzia. Lakini amri moja ni herufi ishirini au thelathini tu. Inapita hata mahali ambapo picha haipiti. Kwa hiyo msiudharau ule mstari mweusi usio na mapambo. Mimi nimewahi kusimamisha kazi iliyokuwa ikiharibika, ng'ambo ya bahari, nikiwa nimekaa ndani ya gari kwenye foleni ya lango la Lodoare, simu mkononi, kabla dereva hajamaliza habari za vibali.

Basi unaingia kwa amri ya ssh, nawe unajikuta kwenye mashine ya mlangoni. Hapa ndipo wanafunzi wapya wanapokosea kwanza. Mashine ya mlangoni ni ya wote. Ni ya kuandikia faili na kutoa amri, basi. Ukiendeshea kazi nzito hapo umefanya kama mtu aliyetwanga mahindi yake katikati ya mlango wa mashine ya kusaga, asiweze mwingine kuingia. Kazi inatakiwa ikabidhiwe mpanga foleni. Programu inayotumika sana kwa kazi hiyo inaitwa Slurm. Ilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika maabara ya Lawrence Livermore, Marekani. Iko nyingine ya zamani zaidi iitwayo PBS, iliyotokana na haja za NASA. Katika Slurm unatuma kazi kwa sbatch, unatazama foleni kwa squeue, na ukijuta unafuta kwa scancel. Katika PBS ni qsub, qstat na qdel. Anayejua moja atajifunza nyingine kwa siku moja.

Sasa niseme habari ya kosa langu, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi ya vitabu.

Mnafahamu kwamba jirani zetu wa Serengeti, tangu mwaka 2010, walikuwa na kamera 225 zilizofungwa porini zikipiga picha kila kinapopita kitu mbele yake. Mwanzoni picha zilitambuliwa kwa macho ya watu wa kujitolea, maelfu kwa maelfu, kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 2018 wataalamu wakatangaza kwamba wameifundisha kompyuta kutambua aina 48 za wanyama katika picha milioni 3.2, na kwamba ingemwokolea mwanadamu zaidi ya saa 17,000 za kutazama. Katika picha hizo takriban robo tatu hazina mnyama hata mmoja. Ni nyasi zilizotikiswa na upepo, na jua. Picha zimewekwa wazi kwa yeyote atakaye kujifunza, nami nilipokuwa masomoni nilizichukua nyingi nijaribu mkono wangu. Nilijisemea, mtoto wa Karatu asipowatambua nyumbu, nani atawatambua?

Nilizigawa picha mafungu 800. Katika faili la kazi lazima utaje unahitaji muda gani, kumbukumbu kiasi gani na viini vingapi. Sikujua, nikaandika kama mtu anayeomba msaada kwa tajiri: siku saba kwa kila fungu, na nodi nzima yenye viini 24. Nikatuma fungu moja la majaribio. Siku ya kwanza squeue ilinionyesha herufi PD, maana yake inangoja. Siku ya pili PD. Siku ya nne PD. Nikaenda kwa fundi mkuu wa mashine, mtu mzima mpole, nikalalamika kwamba wengine waliokuja nyuma yangu wanahudumiwa. Akaniuliza swali moja tu: "Kazi yako huchukua muda gani hasa?" Sikuwa na jibu.

Hebu turudi mashineni tuone kwa nini. Tuseme msagaji ana vinu viwili. Mbele ya foleni yuko mfanyabiashara mwenye magunia mengi, anavitaka vinu vyote viwili kwa pamoja. Kimoja kiko wazi, kingine bado kina nusu saa ya kumalizia kazi ya mtu. Msagaji mwenye akili atafanya nini katika nusu saa ile? Atamwita mtoto mwenye kidebe kidogo cha dakika kumi, amsagie kwenye kinu kilicho wazi. Mfanyabiashara hacheleweshwi hata dakika moja, mtoto anakwenda nyumbani. Slurm hufanya hivyo hasa, usiku na mchana, ikitafuta kazi fupi za kujaza mapengo. Lakini inaamini ulichoandika. Mimi niliyeandika siku saba sikuweza kuingia katika pengo lolote, ingawa, kama nilivyokuja kugundua kwa amri ya sacct, kazi yangu ilihitaji dakika 40.

Nikapunguza muda nikaandika dakika 50. Usiku ule ule kazi ikaanza. Angalieni kwamba sikuandika 40 kamili, kwa maana muda ukiisha mpanga foleni hukata kazi bila huruma, hata kama imebaki sekunde. Kumbukumbu nayo ikizidi uliyoomba, kazi huuawa. Pima kwanza kwa fungu moja, kisha ongeza kama robo. Na ukitaka kujua utaanza lini kabla hujatuma, iko sbatch --test-only, itakukadiria bila kuweka chochote foleni.

Laiti ningeishia hapo. Kwa furaha ya kuona mambo yanakwenda, Ijumaa jioni nikatuma mafungu yote 800 kwa mkupuo, nikaenda kulala. Nilikuwa nimesahihisha muda, lakini bado kila fungu lilishika nodi nzima, na programu yangu ilitumia kiini kimoja tu kati ya 24. Katika hesabu za mashine huhesabiwi ulichokula, unahesabiwa ulichokalia. Saa 533 za kiini kimoja zikaandikwa kuwa saa 12,800. Na hazikuandikwa kwa jina langu peke yangu. Ziliandikwa kwa akaunti ya mradi wetu.

Katika mradi ule alikuwemo dada mmoja wa hapa hapa Afrika Mashariki, aliyekuwa na wiki mbili kukabidhi tasnifu yake. Mpanga foleni hugawa kwa haki: akaunti iliyotumia sana hivi karibuni husukumwa nyuma ili wengine nao wapate. Kwa hiyo Jumatatu kazi zake zilikuwa nyuma kabisa, PD, na sababu ikiandikwa Priority. Yeye hakuwa ametumia kitu. Mwenye kosa nilikuwa mimi. Nikakimbilia scancel nikafuta kazi zangu chache zilizobaki, lakini matumizi yaliyokwisha hayafutiki. Hufifia yenyewe, yakipungua nusu kila baada ya muda uliowekwa na wasimamizi. Wiki mbili hazikutosha. Alikosa tarehe yake, akangoja muhula mwingine, na ada ya muhula huo hakuna aliyemlipia. Nilipokwenda kumwomba radhi alisema tu, "Kaka, si ungeuliza?" Nilimchangia nilichoweza. Hakikuwa kingi.

Wenzetu wa Mang'ola wanaolima vitunguu kwa mfereji watanielewa upesi. Ndugu yako wa juu akiacha maji yaende shambani kwake usiku kucha, vitunguu vinavyokauka ni vya ndugu yake wa chini, na huenda mwenyewe amelala wala hana nia mbaya.

Dawa yake ilikuwa herufi chache tu. Ukiandika --array=1-800%40, mafungu yote 800 yanaingia foleni ila hayazidi 40 kwa wakati mmoja. Ukiongeza --nice, unajiweka nyuma kwa hiari na kuwapisha wengine. Na mwenzako akikujia na shida ya haraka, scontrol hold husimamisha kazi zako zinazongoja, na scontrol release huziachia baadaye. Hakuna aliyenificha amri hizi. Zimo katika kitabu cha maelezo kilichomo ndani ya mashine yenyewe, unaandika man sbatch na kusoma. Sikusoma.

Wanafunzi, mtasema hapa shuleni hakuna mashine ya nodi elfu. Ni kweli. Lakini Slurm ni programu ya bure, na hukaa hata kwenye kompyuta mbili kuukuu zenye Linux. Nimezungumza na mwalimu wenu, naye amekubali tutumie zile mbili zilizowekwa stoo. Kesho saa tatu asubuhi, baada ya ibada, nitakuwa pale. Njooni na daftari. Tutaanza kwa kuzisafisha vumbi, kisha tutazifunga pamoja, na kila mmoja atatuma kazi yake ya kwanza. Kidato cha Nne wasije wakataka kutangulia.

Ndugu Mwenyekiti, dakika zangu naona zimekwisha, na harufu ya pilau imefika hadi huku mbele.